Mahali Anapochimba Verlin

Mume wangu Verlin Stamper hana siri. Atakwambia meno mangapi ameng'olewa, atakwambia jina la msichana aliyemkataa kabla yangu, na kama una muda atakwambia kwa nini. Lakini muulize anachimba wapi mzizi, atakujibu neno moja tu: "Nyuma ya nyumba." Nyuma ya nyumba yetu kuna malisho ya ng'ombe wawili na misonobari, na hata mtoto wa chekechea wa huku milimani anajua kuwa mzizi hauoti chini ya msonobari. Ila ndivyo inavyosemwa. Huyu atasema nyuma ya nyumba, yule atasema kwa shemeji yake, mwingine atasema "huko juu" bila hata kuinua kidole. Hakuna anayeuita uongo. Ni namna ya kumwambia mtu kwa heshima kwamba hayamhusu.

Mzizi wenyewe ni jinsengi, lakini ukisema jinsengi huku watu wanajua umetoka mjini. Unaota kwenye kivuli cha miti mikubwa, unatoa matunda mekundu mwezi wa tisa, na unachukua miaka mingi kukomaa. Mwizi mmoja akipata asubuhi moja anamaliza alichotunza mwenzake miaka thelathini. Ndiyo maana wanaume wa hapa hawasemi. Baba yangu mzazi alizikwa na siri ya pahala pake, mama hakuwahi kupaona. Mimi nimeolewa na Verlin miaka thelathini na minne. Nimefua matope ya suruali zake, nimeosha mizizi yake kwa mikono hii na kuianika darini, na sikuwahi kuambiwa ni wapi. Usinionee huruma, nilishazoea, na nilikuwa na shughuli zangu.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, likaingia gari la walinzi wa msitu wa serikali. Wakashuka wawili. Mmoja kijana anaitwa Lomax, akavua kofia kabla hajapanda ngazi, na mwenzake mwanamke mwenye daftari. Gunia la mizizi mibichi lilikuwa palepale barazani, Verlin anaisugua kwa mswaki wa zamani. Sasa mgeni akija kwako na kofia mkononi unafanyaje? Nikawavutia viti, nikawamiminia kahawa, nikawakatia pai ya tofaa. Kosa la kwanza nililifanya mimi, na sioni haya kulisema.

"Mizizi mizuri hiyo, mzee," Lomax akasema. "Umeitoa wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Yote?"

"Yote."

"Na wiki hii hujafika kule kwenye geti la msitu?"

"Mimi? Sijafika huko tangu theluji iyeyuke."

Yule dada akaandika. Lomax akauliza tena, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi, na Verlin akajibu vilevile, polepole. Wakamaliza pai, wakaomba mizizi michache wakaipime, wakashukuru, wakaenda zao. Verlin akarudi kwenye mswaki wake akipiga mluzi.

Kumbe walikuwa na picha. Gari letu, lile la bluu lenye mlango mmoja wa kijani ambalo halifanani na lingine duniani, limeegeshwa getini kwa msitu asubuhi tatu mfululizo. Mwezi wa kumi na moja ikaja barua. Mashtaka mawili ya serikali kuu: kuiba mimea kwenye ardhi ya serikali, na kumdanganya afisa aliyekuwa kazini. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Mahakama ya kaunti naijua, karani wake ni binamu yangu. Hii haikuwa hiyo. Hii iko mjini, mwendo wa saa moja na nusu, unavua mkanda mlangoni na hakuna anayemjua mama yako. Kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa kuweka wakili, mahakama ikatupa mmoja. Jina lake Marguerite Teague, mwanamke mfupi, amevaa suti nzuri na chini raba za kukimbilia. Nilimwangalia zile raba nikasema moyoni, loh, tumekwisha.

"Bwana Stamper," alianza hata kabla hatujakaa vizuri, "kuanzia leo mtu mwenye beji akikuuliza hata saa ngapi, jibu lako ni moja: 'Zungumza na wakili wangu.' Hebu sema."

"Huo si utovu wa adabu?"

"Sema."

"Zungumza na wakili wangu."

"Haya. Ungeyasema hayo barazani kwako, leo tusingejuana."

Akatufungulia jalada. Shtaka la kwanza, alisema, halimtishi sana. Hakuna aliyemwona Verlin akichimba, na mizizi ya msituni walinzi huipaka rangi maalumu isiyotoka. Ya kwetu haikukutwa na hata doa. "Linaloninyima raha ni la pili," akasema.

"Lakini hakuapa!" nikaingilia. "Alikuwa barazani kwake, na mswaki mkononi!"

"Hakuna haja ya kuapa, mama. Ukimdanganya afisa wa serikali kuu kwa jambo analolichunguza, hata kama unamkatia pai, ni kosa. Kifungo chake kinafika miaka mitano."

"Miaka mitano kwa kusema nyuma ya nyumba?"

"Kwa kusema nyuma ya nyumba."

Halafu akamgeukia Verlin. "Gari lilikuwa getini. Ulikuwa unafanya nini huko?"

Mimi nilikuwa najua jibu la hilo, maana kila mchimbaji hufanya hivyo, nikamwambia. Hakuna mtu anayeegesha gari lake karibu na anapochimba. Unaliacha mbali, mahali patakapowapoteza wengine, halafu unatembea kwa miguu upande mwingine kabisa. Orbin Pickens huliacha lake kwenye maegesho ya kanisa la Wabaptisti, na Orbin hajawahi kuingia kanisani. Wakili Teague akaweka kalamu chini.

"Yaani kati ya sehemu zote za kuwapoteza watu, ukachagua geti la serikali?"

"Hakuna anayeiba hapo," Verlin akasema. "Nilidhani gari litakuwa salama."

Yule mama alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaniomba nitoke. Akanieleza kwa upole: anachoambiwa na mteja wakiwa wawili tu, hakuna jaji wa kumlazimisha akitoe, lakini nikiwepo mimi ulinzi huo unaweza kuvunjika. Nikatoka. Nilikaa kwenye benchi dakika ishirini nikila peremende za watu. Alipofungua mlango shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Amekwambia?" nikamwuliza.

"Siruhusiwi kukwambia alichoniambia. Ila nikuulize, Bi. Stamper, hivi huyu nyumbani huwa anaongea?"

Ikawa hivyo miezi miwili. Kila tukienda, mimi natolewa nje, na Verlin anatoka na mdomo uleule alioingia nao. Mwezi wa kwanza upande wa serikali ukaleta pendekezo. Mwendesha mashtaka, kijana mmoja anaitwa Kessler, alikuwa tayari kulifuta la wizi kama Verlin atakiri lile la uongo. Jaji ndiye angeamua adhabu. Huenda miezi michache ndani, huenda asiende kabisa. Lakini angebaki na jina la mhalifu mpaka kaburini, na mhalifu haruhusiwi kugusa bunduki. Nyumba yetu nyama yake ni ya paa, na anayewinda ni Verlin.

"Nitasaini," akaniambia jikoni, anakula maharage kana kwamba anaongelea kusaini risiti.

"Utasaini nini, wewe? Kule msituni ulichimba?"

"Sikuchimba."

"Basi mwambie yule mama ulichimba wapi! Usiniambie mimi, mwambie yeye, sheria imemfunga mdomo!"

"Ana daftari la njano. Kila kitu anaandika."

"Verlin Stamper, unakwenda jela kwa sababu ya daftari la njano?"

Akachukua kipande cha mkate wa mahindi, akapangusa sahani. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia kwa mtu anayesali. Nilimwita kichwa maji, nilimwita mbinafsi, nilimwambia akienda ndani asitarajie nimpelekee soksi. Alisikiliza yote. Kisha akasema pai imebaki? Nikamwambia pai kaombe huko geti la msitu.

Siku ya kukiri ikawa mwezi wa tatu. Nilipoingia ukumbini nilidhani nimekosea chumba. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Orbin Pickens yuko, amevaa tai. Binamu Dwight na kifaa chake cha kusikilizia. Ndugu wawili wa Hensley ambao hawajasalimiana tangu mgogoro wa uzio, wamekaa benchi moja. Karibu kila mchimbaji wa kaunti yetu alikuwa pale.

"Tumekuja kumpa moyo mwenzetu," Orbin akaninong'oneza.

Moyo gani, mnafiki mkubwa! Walikuwa wamekuja kusikia ni wapi. Dwight alishabadilisha betri.

Jaji Whisnant, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, akamwapisha Verlin. Akamwuliza kama ana akili timamu, kama hajanywa kitu, kama ameridhika na wakili wake. Ndiyo, hapana, ndiyo. Halafu akachukua karatasi.

"Bwana Stamper, waraka uliosaini unasema mizizi hii uliichimba ndani ya msitu wa serikali, na ukamdanganya afisa ili kuficha hilo. Umeapa. Je, ni kweli?"

Verlin ni mtu wa kanisa. Barazani atasema nyuma ya nyumba mpaka ulimi uanguke, na hasikii chochote moyoni. Lakini mkono juu, na jina la Mungu limetajwa, hilo kwake lilikuwa jambo jingine, na nadhani mpaka dakika ile hakuwa amelifikiria. Masikio yake yakaanza kuiva, nayaona kwa nyuma.

"Hapana, mheshimiwa."

"Hapana nini?"

"Sikuchimba msituni kwa serikali. Sijawahi hata siku moja."

Kessler akasimama nusu, akakaa. Wakili Teague hakutikisika, ila raba moja ilikuwa inapigapiga sakafu.

"Basi uliichimba wapi?" jaji akauliza.

Mabenchi yote yakasogea mbele. Wallahi niliyasikia yakilia. Verlin akageuka akatutazama, akamwona Orbin na tai yake, akamwona Dwight ameelekeza sikio kama antena. Akamgeukia jaji.

"Mheshimiwa, naweza kukunong'oneza?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji akagonga meza mara moja. "Mahakamani kwangu hakuna kunong'onezana, Bwana Stamper. Kila neno linaandikwa."

Hapo Wakili Teague akainuka. Aliomba mawakili wa pande zote mbili wasogee mezani kwa jaji pamoja na mteja wake, na kwamba maandishi ya mazungumzo hayo yafungwe, asiyasome mtu mwingine. Alieleza kwa maneno mawili matatu kwamba kuna usalama wa mtu asiyehusika na kesi. Mara ya kwanza mimi kusikia hilo; kumbe ndilo pekee Verlin alilokuwa amemwambia. Jaji akafikiri, akakubali, na karani akawasha mashine inayotoa mvumo ili wa nyuma wasisikie. Dwight akagonga kifaa chake kwa kidole, maskini, akadhani kimekufa.

Nilimwona mume wangu kwa nyuma tu. Mkono wake ulinyooka, ukapinda kulia, ukashuka. Kessler alikuwa anachora. Jaji aliuliza kitu, Verlin akaonyesha kwa viganja upana wa jiwe. Msichana anayepiga maandishi, wa miaka ishirini na kitu, mwenye hereni za paka, alikuwa anayaandika yote. Sasa yeye anajua. Kessler anajua. Nimefua suruali zile miaka thelathini na minne, na msichana mwenye hereni za paka amejua kabla yangu. Nilikasirika mpaka nikasikia damu masikioni.

Jaji hakupokea kukiri kwake. "Siwezi kumtia hatiani mtu kwa maelezo anayoapa kuwa si ya kweli," akasema, akaahirisha kesi. Nje, Wakili Teague akamshika Verlin bega akamtikisa. "Miezi minne, mzee! Miezi minne nakubembeleza!" Alikuwa amekasirika na amefurahi pamoja.

Ndani ya gari sikumpa nafasi. "Sema sasa. Usalama wa nani?"

Ndipo akaniambia kwamba pahala pale si pa serikali wala si petu, ni ardhi ya mjane mmoja mzee anayeishi peke yake. Marehemu mumewe alimpa ruhusa, wakapeana mikono: Verlin achimbe, arudishe matunda ardhini, asimwambie mtu. Watu wakijua mjane amekalia mzizi, watakwenda, na wengine huenda na bunduki. Jina la huyo mama nalijua sasa, na wewe usiniulize.

"Kwa hiyo ungekwenda jela."

"Ningekwenda."

"Na mimi je? Mimi siishi peke yangu ukienda?"

"Hilo sikuliwaza," akasema.

Iliniuma, sitaficha. Nilikaa siku nne simsemeshi zaidi ya "chakula hicho".

Yaliyobaki aliyafanya Wakili Teague. Akapeleka mpelelezi wake na mtu wa serikali, wakakuta mashimo ya mwaka jana na miche imeanza kuchomoza palepale. Mjane akaapa kwa maandishi kwamba ruhusa ilikuwepo. Shtaka la wizi likafutwa. La uongo likabaki, maana serikali aliidanganya kweli, na wakili hakujifanya vingine. Alichomwambia Kessler, kama alivyotusimulia, ni hiki: "Lipeleke mbele ya watu kumi na wawili wa milima ile, uone kama utampata mmoja ambaye hajawahi kusema nyuma ya nyumba." Kessler akakubali njia ya kati. Mwaka mmoja chini ya uangalizi, na Verlin akiumaliza bila doa, shtaka linafutwa na hana jina la mhalifu. Masharti: asichimbe, asipande, asiuze, asikanyage popote panapoota mzizi, hata pawe pa nani.

Alisaini mwezi wa tano, nikamshukuru Mungu, nikampelekea Wakili Teague pai mbili. Sikuwaza mwezi wa tisa.

Mwezi wa tisa matunda yanaiva. Yasipozikwa upesi bata mzinga wa porini wanayamaliza. Verlin akawa hakai. Anazunguka nyumba, anatazama kilimani, anaingia, anatoka. Jumapili moja baada ya kanisa akafunga mlango wa jikoni akanikalisha. Hakutaka karatasi. Alinieleza njia kwa mdomo, jiwe kwa jiwe, akanifanya niirudie mara tatu, na nilipokosea kijito akaniambia, "Hapana, mama, sikiliza," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Akanipeleka kwa gari mpaka alipoweza kufika kisheria. Yeye akabaki ndani, dirisha juu, mikono kwenye usukani. Mimi nikapanda na fimbo yangu na goti langu bovu.

Nilidhani nitakuta kijibustani. Jamani, ulikuwa mteremko mzima. Majani yameanza kugeuka njano, matunda yanang'aa chini ya miti mikubwa, na kijito kinasikika bila kuonekana. Kila mmea na nafasi yake. Nilipiga magoti nikafanya alivyonifundisha: tunda linaingia ardhini kiasi cha pingili moja ya kidole, unafunika na majani, unasogea. Nilikaa huko saa tatu nzima. Nilipanda matunda ambayo mizizi yake haitachimbwa tukiwa hai, nadhani.

Niliporudi aliteremsha dirisha kabla sijafika.

"Mizizi ya kwenye mteremko?"

"Ipo."

"Bata mzinga hawajaingia?"

"Hawajaingia. Matunda nimeyazika yote."

"Na ule mkubwa, wa kando ya jiwe?"

"Upo, Verlin. Una matawi manne. Nimeuacha na tunda lake moja, uuone mwakani."

Akaweka paji la uso kwenye usukani akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, dirisha wazi. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku ya kumzika mama yake. Nikazunguka nikaingia, nikampangusa uso kwa mkono uliojaa udongo, nikazidi kumchafua.

"Miaka yote ile ulikuwa unakuja huku peke yako," nikamwambia, "na pazuri hivi."

"Kila mwaka nilitaka kukuleta," akasema. "Kila mwaka."

"Si ungesema tu, mjinga wewe!" nikamwambia, na mimi nikawa nalia, nikamwambia awashe gari kabla mtu hajapita akatuona pale.